Mafuta Chini ya Pistoni

Zima kwanza hiyo injini, mwanangu, tusikilizane. Tangu asubuhi uko hapa uani unaikanyagia tu, na mtaa mzima wa Manika umeshajua kwamba umefunga turbo kubwa. Haya, hongera. Mikono unayo, sikatai. Lakini nilipokuuliza mafuta ya kupoza pistoni yatatoka wapi, ulicheka ukaniambia, "Muzee, ile ni mambo ya zamani." Ya zamani! Basi vuta ule mpira wa gari, uukalie, nikupe hayo ya zamani. Iko siku moja ambayo haijawahi kutoka kichwani mwangu, na leo umeniamshia.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa. Pampu za kule kwenye mgodi wa Mashamba zilinyamaza moja baada ya nyingine, maji yakapanda ndani ya shimo, na wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi wakabaki wamekaa mbele ya nyumba zao hawajui wafanye nini. Mtu mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu. Wakubwa wakasema redioni, wakasema mikutanoni, kwamba shida zote zimeletwa na watu wa Kasai. Batoke, baende kwabo. Kwao wapi, mwanangu? Babu zao waliletwa huku kuchimba, baba zao walizaliwa huku, na wengi Kasai waliijua kwa jina tu. Lakini maneno yakishawaka hayaulizi.

Mimi, unajua, ni Muluba wa Katanga, wa kaskazini, hakuna aliyenigusa. Aliyenifundisha kazi ndiye aliyeguswa. Jina lake Kabeya, nasi tulimwita Tata, yaani baba, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapahapa Kolwezi, fundi wa mashine kubwa za shimoni tangu ujana wake. Kampuni ilipolegea alifungua karakana yake ndogo nyuma ya nyumba, akanichukua. Nilikuwa kijana niliyeoa juzi tu, kichwa moto, najua kila kitu kama wewe.

Watu wa barabara yao walikuwa wameanza kwenda kulala stesheni kungoja treni. Treni haikuja. Walikaa pale na mafurushi yao, mvua juu yao, watoto wakaanza kuhara, na wengine tuliwazika pale karibu na reli. Ndipo mfanyabiashara mmoja mwenye lori akakubali kubeba waliobaki barabara ile, kupitia Kasaji halafu kaskazini mpaka Kasai. Safari moja tu, alisema, ya pili hataki, anaogopa. Na lori lilikuwa na trela, lakini injini yake ilikuwa imechoka. Ukiliwekea trela na watu wote wale, mlima wa kwanza lingerudi kinyumenyume. Ukiacha trela, nusu ya familia zinabaki. Na vijana wa mtaa walikuwa wameshatangaza: Jumamosi tunakuja kusafisha barabara hii. Kusafisha. Hilo ndilo neno walilotumia, wakizungumza juu ya watu.

Kwa hiyo ilibidi injini ile ipate nguvu, na haraka. Tata Kabeya akaenda kwenye vyuma chakavu, akarudi na turbo ya mashine ya shimoni. Tukaongeza hewa, tukaongeza dizeli. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wewe unapocheka. Ukiongeza hewa na dizeli, unaongeza moto juu ya kichwa cha pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu, ni sufuria tu ile. Ikikosa kitu cha kuipoza inavimba, inakwama, au inatoboka. Maji hayafiki pale. Kinachofika ni mafuta, tena kutoka chini. Ndiyo maana mashine kubwa zina vibomba vidogo ndani ya tumbo la injini, kimoja kwa kila pistoni, vinavyorusha mafuta juu kwenye mgongo wa pistoni muda wote. Sisi tuliviita jiklere. Lori lile halikuwa navyo. Tata Kabeya alivitengeneza mwenyewe, vyote sita, akatoboa matundu makubwa kama alivyozoea kuyaona shimoni.

Tulipokuwa tunafunga, kaka yangu mkubwa alipita akasimama mlangoni. Alikuwa mmoja wa wale wa Jumamosi, naona aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Ngoie," akaniita, "unatumikia bale batu?"

"Si munasema baende?" nikamjibu. "Sasa baende na nini, na miguu? Tuache tufanye kazi."

Akatema mate chini, akaenda zake. Tata Kabeya hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

Ijumaa mchana injini ikawaka. Tukapakia mawe kwenye lori na kwenye trela, tukatoka kuijaribu kwenye njia ya kwenda Mashamba. Ee, mwanangu! Lilipanda ule mlima unaoonekana kutoka barabarani kwetu kama halijabeba kitu. Nilipiga kelele ndani ya kabini, nikampiga Tata Kabeya begani, na siku ile hata hilo halikumkasirisha. Tukarudi barabarani kwetu, watu wakatoka kutupokea na mafurushi yao tayari, akina mama wanapiga vigelegele. Nikaliacha lori lingurume taratibu. Na hapo ampuli nyekundu ya mafuta, ile taa ndogo mbele ya usukani inayoonya kwamba presha ya mafuta imeshuka, ikaanza kukonyeza. Ikazima. Ikawaka tena, ikabaki imewaka.

Mimi niliiona, na Tata Kabeya aliiona. Nje hakuna mtu aliyeiona.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Tata, nitoe ile ampuli. Batu basiogope. Kesho njo Jumamosi, siku yabo ya kukuya, hatuna tena wakati."

Alinitazama mpaka nikatamani kushuka. Hakuwa mtu wa kupayuka.

"Ukitoa ampuli," akasema, "mafuta itapanda?"

Nikajifanya nashughulika na gia.

"Nakuuliza, Ngoie. Itapanda?"

"Haitapanda, Tata."

"Basi ni nani unataka kudanganya? Mi? Aba batoto? Ao moteri?"

Kisha akafungua mlango, akasimama juu ya ngazi ya kabini ili wote wamwone, akasema, "Bandugu, mi nilikosea. Hii moteri haitafika. Tunaifungua."

Fikiria, mwanangu. Fundi mkubwa, mtu aliyeheshimiwa na barabara nzima, anasema mbele ya watu wake nilikosea, na kesho yake watu wanakuja na mapanga. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Wa kwanza kupaza sauti alikuwa mkewe, Mama Ngalula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Tata ya Mbuyi! Batu banatufukuza, we unafungua moteri? Si ilipanda mulima? Macho yetu yote iliona!"

"Ilipanda, mama."

"Basi twende!"

"Kupanda haiko tatizo," akasema. "Tatizo ni kusimama."

Akawaeleza hapohapo, kwa maneno ya kila mtu, na mimi nakueleza wewe vilevile. Injini ikikimbia, pampu inatoa mafuta mengi, kila mmoja anapata fungu lake. Ikisimama inanguruma tu, pampu inazunguka polepole, na mafuta yenyewe yameshapata moto yamekuwa mepesi kama maji. Hapo zile jiklere zenye matundu makubwa zinayamwaga yote kwenye migongo ya pistoni. Na kule kwenye shafti kubwa, kwenye vile vipande vya madini laini inakolalia, ambavyo tunaviita kusine, hakuna kitu. Chuma kinasaga chuma. Shimoni hatukuliona hilo kwa sababu mashine za kule zilikuwa na pampu kubwa mno, na hazikusimama kungoja mtu. Zilikimbia tangu asubuhi mpaka zamu iishe. Tata Kabeya alitengeneza jiklere za mtu wa shimoni kwa lori la barabarani. Lilikuwa kosa la watu kama sisi tu, watu ambao mashine zao hazikuwahi kungojeshwa.

"Na huko njiani," akasema, "kuko barriere. Batatusimamisha, bafungue bitu yetu yote. Kuzima moteri hatutaweza, demarere ilikufa, tunaiwasha kwa kusukuma tu. Na trela hii tutasukuma namna gani? Itabaki inanguruma. Njo pale itakufa, mbele yabo, na batoto wote juu."

Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Mama Ngalula alikaa juu ya furushi lake akafunika uso kwa kitenge. Nadhani alikuwa analia, lakini kwa hasira.

Tukaingia chini ya lori. Tukamwaga mafuta, tukashusha bati la chini, tukafungua kusine moja. Uso wake ulikuwa umeanza kupoteza mng'aro, mikwaruzo midogo kama ya kucha. Ile safari fupi tu! Tata Kabeya alinipa niishike, nami niliigeuza mkononi. Siku mbili za njia na barriere zake, ingekwisha yote.

Dawa yake ni hii. Jiklere inatakiwa ijue kufunga mdomo wakati mafuta ni haba. Unaweka gololi ndani yake, nyuma ya gololi unaweka springi. Presha ikiwa ndogo, springi inaisukuma gololi izibe, mafuta yote yanakwenda kwenye shafti. Presha ikipanda, mafuta yanaisukuma gololi, jiklere inafunguka, pistoni inaoga. Rahisi kusema. Lakini gololi na springi tungezitoa wapi Ijumaa jioni, mji wenyewe umefunga maduka kwa woga? Gololi tulizitoa kwenye gurudumu la baiskeli iliyokuwa imefungwa juu ya mafurushi. Mwenyewe aliifungua bila kuulizwa mara mbili. Springi ndizo zilizotusumbua. Mwalimu mmoja, aliyekuwa amekalia sanduku lake karibu yetu, akatoa kalamu mfukoni, ile ya kubonyeza, akaanza kuibonyeza tu kwa wasiwasi. Tik, tik, tik. Tata Kabeya akageuka, akamnyang'anya mkononi, akaifungua. Kisha akapaza sauti, "Nani iko na kalamu kama hii?"

Walicheka, mwanangu. Hebu fikiria, watu wanaofukuzwa kwao, kesho hawajui, wanapekua mafurushi kutafuta kalamu huku wanacheka. Makarani wa kampuni walizileta, wanafunzi wakazileta. Tata Kabeya alizipima springi moja moja na pampu ya mkono na saa ya presha, akazikata kidogokidogo, mpaka zote sita zikawa zinafunguka pamoja. Moja iliyokaidi aliitupa, akaweka nyingine. Akarudisha pia dizeli nyuma kidogo. Nikamwambia tutapoteza nguvu, akanijibu kwamba tutapanda polepole, na polepole tutafika.

Asubuhi, kabla ya kufunga bati la chini, ilibaki desturi ya karakana. Kwa Tata Kabeya hakuna fundi aliyefunga injini peke yake. Mafuta yanasukumwa kwa mkono, na mtu mwingine, ambaye hakuifunga, anaingia chini anatazama kwa macho yake yakipiga kila pistoni mahali pake, anasema nimeona. Asiposema, injini haifungwi. Mimi nilikuwa nimefunga pamoja naye, kwa hiyo sikufaa. Akamwita mkewe.

"Mama ya Mbuyi, kuya uangalie."

"Mi najua nini mambo ya moteri?"

"Macho uko nayo. Ingia."

Akaingia na kitenge chake, akinung'unika njia nzima. Nikasukuma pampu. Gololi zikafunguka zote kwa pamoja, na mafuta ya jiklere ya mbele yakampiga Mama Ngalula katikati ya uso. Alipiga yowe! Akatoka anang'aa mafuta mpaka kidevuni, anatafuta nani wa kumpiga, na watu wamevunjika mbavu.

"Umeona?" Tata Kabeya akamuuliza, naye anajizuia kucheka.

"Nimeona!" akafoka. "Yote sita nimeona! Funga, twende!"

Tuliondoka kabla vijana hawajafika. Niliendesha mimi, mwenye lori akanikabidhi usukani, kwa sababu jina langu lilikuwa la Katanga. Tata Kabeya alikaa pembeni yangu ili aisikilize injini, ingawa nilimwomba ajifiche nyuma chini ya turubai. Milima tuliipanda polepole, mkono wangu hauondoki kwenye gia. Baada ya Kasaji, juu ya mlima mrefu, injini imechemka kabisa, tukakuta barriere, gogo limelazwa njiani.

Walikuwa vijana wenye macho mekundu. Mkubwa wao akapanda kwenye ngazi, akaingiza kichwa kabini.

"Zima moteri."

"Demarere ilikufa, ndugu," nikamwambia. "Nikizima, aba batu bote batabaki hapa kwako. Utabalisha?"

Akafikiri, akaona hesabu hiyo haimfai. Akamgeukia Tata Kabeya.

"Na we, uko mutu wa wapi?"

Nilitaka aseme lolote, aseme ni mjomba wangu. Akasema, "Batu yangu ni ba Kasai. Mi nilizaliwa Kolwezi."

Yule kijana akashuka, akaamuru mafurushi yafunguliwe. Wakaanza kufungua, moja baada ya jingine, kwenye lori na kwenye trela. Wanatupa nguo chini, wanatukana, wanachukua wanachotaka, watoto wanalia. Na injini inanguruma. Mwanangu, sijawahi kuitazama ampuli namna ile. Jua lilikuwa limeupiga usukani mpaka nikashindwa kuushika. Tata Kabeya alikuwa amefumba macho, anasikiliza, na midomo yake inasema kitu, sijui sala sijui nini. Walikaa mle ndani ya vitu vya watu mpaka wakachoka wenyewe. Ampuli haikuwaka. Kijana akapiga mlango kwa kiganja, gogo likaondolewa, tukapita. Tulipofika mbali ndipo niliposikia nyuma kwenye trela watu wanaimba wimbo wa kanisani, na nikalia mbele ya Tata Kabeya bila kujificha.

Tuliwashusha mpakani mwa Kasai, kwenye misheni iliyokuwa inapokea watu. Nikaliegesha kwenye mteremko, nikanyoosha mkono nizime. Tata Kabeya akaushika.

"Acha kidogo. Iko na moto. Acha mafuta iutoe polepole, njo uzime."

Basi tukasimama pale pembeni ya lori, injini inanguruma. Mama Ngalula alinikumbatia akaniambia nimsalimie mke wangu. Tata Kabeya akaweka kiganja juu ya boneti, akangoja, akaniambia zima. Nikazima. Akabeba furushi lake, akaingia misheni pamoja na wenzake. Sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba aliishi miaka michache, akitengeneza baiskeli.

Niliporudi na lori tupu nilipita barriere ileile. Wale vijana walikuwa wametulia, na pickup yao imesimama kando, boneti wazi, mafuta meusi yamemwagika chini. Yule mkubwa wao akaja kwenye dirisha langu, safari hii kwa adabu.

"Ndugu, unajua pampu ya mafuta? Moteri yetu ilikwama. Tunatafuta fundi."

Nilikuwa najua kiasi. Ningeweza kushuka. Lakini nilimwambia ukweli tu, kwa sababu ndio uliokuwa unaniuma.

"Fundi anayejua alipita hapa. Mulimufungulia furushi."

Akanielewa. Aliinamisha kichwa, akaenda mwenyewe kuondoa gogo.

Sasa sikiliza, maana nimechoka na wewe pia umechoka. Ukitia nguvu kwenye injini, uliza kwanza nani ataipoza, kisha uliza yale mafuta unayompa pistoni unamnyang'anya nani. Usiipime wakati inakimbia tu. Ipime imesimama, ina moto, inangoja. Ampuli ikiwaka usiiguse, fungua injini. Ukikosea, sema mbele ya watu, hata kama wana haraka, hata kama mkeo anakupigia kelele. Usifunge peke yako. Tafuta macho mengine, na yakikuambia hayajaona, amini. Na siku mtu atakapokuja kukuambia fulani si wa kwetu, atoke, wewe mwulize kwanza akitoka yule nani atafanya kazi yake. Atakaa kimya. Nimewauliza wengi, wote hukaa kimya.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono mizuri, na mtu wa pembeni asiyekuogopa. Unaowabeba wafike wote, kila mmoja na furushi lake. Na usikose kamwe wa kukuambia nimeona.